A Level au IB: Njia Mbili za Kidato cha Tano na cha Sita kwa Mwanafunzi wa Mombasa

Kila inapofika Juni na Julai, nyumba nyingi za Mombasa zenye kijana aliyemaliza mitihani ya IGCSE (ile ya sekondari ya kimataifa inayofuata mtindo wa Uingereza) huwa na mjadala usiokwisha: aendelee na A Level, yaani mitihani ya kidato cha sita ya mtindo huohuo, au ahamie IB Diploma, diploma ya miaka miwili ya International Baccalaureate? Mjadala huo huwagusa pia baadhi ya waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, na kuamua kusoma miaka miwili zaidi kabla ya kuomba chuo cha nje. Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kutazama karo na jina la shule. Yapo mambo mawili yenye uzito mkubwa zaidi, nayo ni jinsi mtoto anavyofanya kazi katikati ya muhula na tarehe ambazo alama zake zitamfikia, lakini hayo huja kugunduliwa wakati karo imekwisha kulipwa. Nimeyashuhudia hayo mara nyingi kiasi cha kutaka kuyaweka mbele ya kila mzazi kabla hajatia saini fomu yoyote.

Neno kwanza kuhusu ushauri wa wakubwa wetu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ndio ulioondoa kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali nchini Kenya, na KACE, mtihani wa kidato cha sita wa zama hizo, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 1989, mwaka uleule ilipotahiniwa KCSE ya kwanza. Mjomba au shangazi aliyepitia kidato cha sita cha zama hizo anastahili kusikilizwa anapozungumzia bidii, ila mitihani aliyoifanya sio inayofanywa leo. Kidato cha tano na cha sita cha sasa kimo katika shule za kibinafsi zinazofuata mitaala ya kimataifa. Sekondari ya juu ya mtaala wa umilisi, iliyoanza na Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, ni jambo jingine kabisa, na sitaijadili hapa.

Mjini kwetu A Level hufundishwa na shule kadhaa za kibinafsi, zinazofuata bodi za mitihani za Cambridge au Pearson Edexcel. Kwa upande wa IB, jina ambalo wengi hulitaja ni Aga Khan Academy iliyoko Kizingo, iliyofunguliwa mwaka 2003.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote mbili kwa vipimo vilevile. Cha kwanza ni masomo yenyewe: ni mangapi, na mwanafunzi ana uhuru gani wa kuyachagua. Cha pili ni jinsi alama zinavyopatikana, na mzigo unaomwangukia mtoto kila wiki. Cha tatu, ambacho nitakaa nacho zaidi, ni maombi ya chuo kikuu na kalenda yake. Kisha nitapita kwenye vyuo vya hapa nyumbani na vya nchi nyingine, na mwisho kwenye gharama na nafasi ya kurudia mtihani.

Masomo na upana wake

Mwanafunzi wa A Level kwa kawaida huchukua masomo matatu, na wachache manne. Hakuna somo la lazima. Anayetaka Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati kwa pamoja anaweza kuyapata ikiwa ratiba ya shule inaruhusu, na anayetaka kuagana na hisabati moja kwa moja anaruhusiwa pia. Uhuru huo ni neema kwa kijana anayejua anakoelekea. Kwa asiyejua ni hatari, kwa sababu chaguo alilolifanya akiwa na miaka 16 linaweza kumfungia kozi ambayo ataipenda akiwa na miaka 18, na hakuna atakayemzuia asikosee.

IB humtaka kila mtahiniwa asome masomo sita: lugha na fasihi yake, lugha ya pili, somo la jamii, sayansi, hisabati, na somo la sanaa ambalo linaweza kubadilishwa kwa jingine kutoka makundi yaliyotangulia. Matatu husomwa katika ngazi ya juu, ambayo imepangiwa saa 240 za kufundishwa, na matatu katika ngazi ya kawaida, yenye saa 150. Juu ya hayo kuna kiini ambacho hakikwepeki: Nadharia ya Maarifa, insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, na CAS, yaani shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii.

Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazotahiniwa na IB, jambo linaloweza kumfaa kijana wa Pwani. Mzazi aulize, hata hivyo, kama shule inakifundisha na katika kundi gani, kwa sababu aliyekulia katika Kiswahili anaweza kuelekezwa kwenye darasa la fasihi badala ya lile la wanaojifunza lugha, na fasihi ina madai yake.

Kuna mtego mmoja wa IB unaowanasa wanaotaka udaktari. Mpangilio wa kawaida wa diploma humpa mwanafunzi nafasi ya sayansi mbili tu, na kuchukua tatu kunahitaji ruhusa maalumu. Kwa vyuo vingi vya Uingereza hilo si tatizo, kwani vingi huangalia Kemia pamoja na Biolojia. Kwa anayefikiria udaktari nchini India, ambako mtihani wa kuingilia wa NEET unahusu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, ni tatizo kubwa, na A Level humweka mahali pazuri zaidi. Mtego wa pili ni hisabati. IB ina kozi mbili za hisabati, moja ya uchanganuzi na nyingine ya matumizi, na kila moja ina ngazi mbili. Vitivo vingi vya uhandisi hutaka ile ya uchanganuzi katika ngazi ya juu. Kijana aliyechukua ya matumizi kwa sababu rafiki zake wamo humo huja kuona orodha ya vyuo vyake ikipungua bila kuelewa kilichotokea.

Jinsi alama zinavyopatikana

Katika A Level, karibu kila kitu huamuliwa na karatasi za mtihani. Cambridge huendesha mitihani Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, na humruhusu mtahiniwa kufanya AS, yaani sehemu ya kwanza ya A Level, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na kuzibeba alama hizo hadi A Level kamili. A Level ya kimataifa ya Pearson Edexcel imegawanywa katika vitengo vinavyoweza kufanywa Januari, Mei na Juni, au Oktoba. Madaraja ni kuanzia A* hadi E. Kijana mwenye utulivu katika chumba cha mtihani, anayeweza kuketi na maswali ya miaka iliyopita usiku hadi usiku, hupata hapa uwanja wake. Yule anayesoma vizuri mwaka mzima kisha mkono ukamtetemeka siku ya karatasi hana pengine pa kukimbilia.

IB nayo ina mitihani ya mwisho, na watahiniwa wa Mei hufanya masomo yote sita katika muda wa takriban wiki tatu. Hata hivyo, sehemu ya alama, ambayo katika masomo mengi ni kati ya asilimia 20 na 30, hutokana na tathmini ya ndani: jaribio la kisayansi alilolibuni mwenyewe, uchunguzi wa kihistoria, mazungumzo ya lugha yaliyorekodiwa. Kila somo lina pointi 7, jumla 42, na kiini huongeza hadi 3, hivyo kilele ni 45. Diploma huanzia pointi 24, lakini pointi peke yake hazitoshi: anayepata daraja la E katika insha ya utafiti au Nadharia ya Maarifa, au asiyekamilisha CAS, huikosa diploma hata kama masomo yake yamekwenda vyema. Hapa haba na haba ndiyo hujaza kibaba, na mwanafunzi wa kulimbikiza kazi hadi wiki ya mwisho huumia kwa namna ambayo mzazi huiona nyumbani.

Kwa Mombasa kuna hesabu ya ziada ambayo vitabu vya mwongozo haviitaji. Mitihani ya majaribio pamoja na siku za mwisho za tathmini nyingi za ndani huangukia katika miezi ya kwanza ya mwaka, ambayo kwetu ni miezi ya joto kali. Ramadhani ya 2026 iliangukia Februari na Machi, na ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Mtoto anayefunga, anayeswali tarawehe na kuamka kula daku, huku ana rasimu tatu za kuwasilisha, anahitaji ratiba iliyopangwa tangu Novemba. Mwanafunzi wa A Level mwenye mitihani ya majaribio peke yake hupumua zaidi katika mwezi huo, ingawa Idi ya Kuchinja, ambayo kwa miaka hii inaangukia Mei, inaweza kumkuta katikati ya karatasi zake na kumnyima ile furaha ya kukaa na jamaa. Na kwa anayevuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, saa za CAS baada ya masomo zina maana ya kufika nyumbani Isha imepita. Ulizeni shule huduma hizo hufanyika siku gani, na kama zinaweza kufanyiwa upande wa kwenu.

Maombi ya chuo na kalenda yake

Wanaoomba Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, ambako mwombaji huchagua hadi kozi tano, na kwa udaktari zisizidi nne. Oxford na Cambridge haziombwi zote mbili katika mwaka mmoja. Maombi ya vyuo hivyo viwili, pamoja na udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo, hufungwa tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, yaani saa mbili usiku hapa Mombasa. Kozi nyingine nyingi zina siku yao ya mwisho mwezi wa Januari kwa saa ileile ya huko, lakini kwa kuwa Uingereza huwa imekwisha kurudisha saa nyuma, kwetu inakuwa saa tatu usiku. Nayaandika haya kwa makusudi, kwa kuwa mtu akikosea saa hizo kwa dakika chache, aliyoyaandaa kwa miaka miwili yanaweza kumsubirisha mwaka mzima.

Fomu hutumwa kabla ya mitihani ya mwisho, kwa hiyo chuo hutegemea alama za makadirio zinazoandikwa na walimu. Hapa njia hizi mbili zinaachana. Mwanafunzi wa A Level aliyefanya AS mwezi wa Mei au Juni anaingia Septemba akiwa na alama halisi mkononi: zikiwa nzuri, makadirio yake yana mguu wa kusimamia, na zikiwa mbaya, ana muda wa kupunguza matarajio au kupanga kurudia. Mwanafunzi wa IB hana mtihani wa nje mwishoni mwa mwaka wa kwanza, hivyo makadirio yake hujengwa juu ya mitihani ya shule na jicho la mwalimu. Mzazi wa IB afahamu, basi, kwamba mtihani wa shule wa mwisho wa mwaka wa kwanza, ambao mtoto huuita wa kawaida tu, kwa kweli ndio unaokwenda Uingereza.

Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa IB huwa na la kuandika. Kwa wanaoingia chuo kuanzia 2026, maelezo binafsi ya UCAS si insha moja tena: ni majibu ya maswali matatu, jumla ya herufi 4,000, kuhusu sababu ya kuitaka kozi, jinsi masomo yalivyomwandaa, na aliyoyafanya nje ya darasa. Aliyeandika insha ya utafiti kuhusu, tuseme, mmomonyoko wa ufuo au biashara ya Mji wa Kale, tayari ana jibu la swali la pili. Wa A Level ana muda wa kusoma nje ya mtaala, lakini hakuna anayemlazimisha, na wengi hugundua Septemba kwamba hawana la kusema zaidi ya kwamba wanalipenda somo. Ubaya wa IB ni kwamba Septemba na Oktoba za mwaka wa pili hukusanya insha ya utafiti, tathmini za ndani na maombi kwa pamoja. Anayelenga 15 Oktoba ajipangie kumaliza rasimu ya insha hiyo kabla likizo ya Agosti haijaisha.

Wanaoomba Marekani huwa na tarehe zilizo karibu na 1 Novemba kwa maombi ya mapema, na karibu na 1 Januari kwa ya kawaida. Vyuo vya huko husoma ripoti za shule za miaka minne, si mtihani wa mwisho peke yake, na vingi humhesabia mwanafunzi baadhi ya kozi kuwa amekwisha kuzisoma kwa alama nzuri za A Level na za masomo ya ngazi ya juu ya IB. Upana wa IB unashabihiana na elimu yao, lakini mwanafunzi wa A Level mwenye ripoti thabiti na shughuli za kweli hapungukiwi kitu.

Limebaki jambo ambalo ninasikitika kuliona likisahauliwa kila mwaka, nalo ni siku ya matokeo. Matokeo ya IB ya Mei hutoka mapema Julai, na ya A Level hutoka katikati ya Agosti. Vyuo vya Uingereza hufungua milango Septemba. Baada ya chuo kuthibitisha nafasi, mwanafunzi wa Kenya huomba viza, na kabla ya hapo anatakiwa kuwa na cheti cha kupimwa kifua kikuu na fedha zilizokaa benki kwa siku 28 mfululizo. Mwenye IB ana takriban wiki tano zaidi za kuyatekeleza haya. Mwenye A Level lazima awe amezitenga fedha benki mapema na kupimwa kabla ya matokeo, la sivyo wenzake watakuwa darasani naye bado yumo katika foleni.

Vyuo vya nyumbani na nchi nyingine

Uteuzi wa KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi vyuo, pamoja na ufadhili wa serikali unaoandamana nao, umejengwa juu ya KCSE. Kijana aliyepitia IGCSE na kisha A Level au IB huomba moja kwa moja katika chuo, na kwa kawaida husoma kwa gharama ya familia. Vyuo vingi vya Kenya huwataka wa A Level wawe wamefaulu angalau masomo mawili makuu, kisha kitivo huongeza masharti yake. IB nayo hukubaliwa, lakini kwa kuwa haijazoeleka kila mahali, muombaji wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi atembelee ofisi ya usajili mwenyewe na kuuliza masharti ya kozi anayoitaka kwa maandishi. Aliye na KCSE nzuri asiitupe: ikiwa shabaha yake ni chuo cha hapa, miaka miwili ya ziada huenda isimwongezee chochote.

Malaysia na Uturuki, ambako vijana wengi wa Pwani wanakwenda, zinavifahamu vyeti vyote viwili.

Gharama na kurudia

Ada hutofautiana sana kati ya shule na shule, kwa hiyo itoshe kusema kwamba IB kwa kawaida ni ghali zaidi, na kwamba msaada wa karo upo: Aga Khan Academy, kwa mfano, hutoa msaada unaozingatia uwezo wa familia. A Level ina mlango ambao IB haina. Mtu anaweza kuifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma nyumbani au kwa mwalimu wa pembeni na kujisajili katika kituo kinachomkubali, ilhali IB Diploma lazima isomwe katika shule iliyoidhinishwa. Wa kujitegemea anayetaka sayansi aangalie karatasi ya vitendo: Cambridge humtaka aingie maabara, na Edexcel ya kimataifa ina karatasi ya maandishi inayopima ujuzi huo. Kurudia nako ni kwepesi zaidi katika A Level, hasa ya vitengo. Mwanafunzi wa IB anaweza kurudia masomo katika msimu unaofuata, lakini hulazimika kurudia karatasi zote za somo hilo.

Kwa kila hali

Ikiwa kijana anajua kwamba anataka uhandisi, udaktari au uhasibu, na matokeo yake ya IGCSE yanaonyesha nguvu katika masomo machache na udhaifu dhahiri katika lugha au masomo ya jamii, A Level itampa nafasi ya kuonekana kwa ubora wake. Vivyo hivyo kwa aliyetoka KCSE akiwa na umri mkubwa kidogo na fedha chache, kwa sababu anaweza hata kujisajili mwenyewe.

Ikiwa hajajua anachotaka, anaandika vizuri, hachoki na kazi ndogondogo za kila wiki na ndoto yake ni Marekani au Kanada, IB itamfaa, mradi mzazi awe tayari kusimamia kalenda pamoja naye bila kumwachia shule peke yake.

Mwenye wasiwasi mkubwa wa mitihani hupata ahueni kidogo kwa tathmini za ndani za IB, lakini karatasi za mwisho bado zipo. Familia isidanganyike kwamba zimekwepwa. Anayefanya mchezo wa kiwango cha juu, anayehifadhi Qurani, au anayesaidia dukani kila jioni apime saa zake kwa uaminifu, kwani A Level ya masomo matatu humwachia nafasi zaidi.

Na kwa yule ambaye vigezo vyote vinamlaza katikati, nashauri aombe kukaa siku moja darasani katika kila shule kabla ya Agosti, aione ratiba ya mwaka wa pili na siku zote za mwisho za kuwasilisha kazi, kisha aulize walimu swali moja: mwaka jana, alama za makadirio mlizowaandikia wanafunzi wenu zilikaribiana kiasi gani na walizozipata?